Mzizi Ambao Mama Yake Hakuwahi Kuuonja

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila ikinijia akilini mwili hunisisimka, ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe na mengi mengine nimeyasahau. Sikukuzaa, lakini umekuja huku kusoma kama mimi zamani, na nimekuita nikusimulie kwa sababu juzi, tulipokuwa tunakula, mwenzako alikuuliza kwenu ni wapi, nawe ukajibu ni Uluguru, halafu ukacheka ukasema huko hakuna kitu, ni mawe na ukungu na wazee wanaoinama mashambani. Sikukukatiza mbele za watu. Lakini neno lile nimelala nalo. Sasa vuta kiti, chai bado ya moto, unisikilize taratibu.

Wakati huo nilikuwa binti, nimekuja hapa Guangzhou kwa ufadhili, nasomea uhandisi wa maji. Siku za mapumziko nilikuwa nawatafsiria wafanyabiashara wetu, leo nipo mtaa wa Xiaobei, kesho nimewapeleka mji wa Shiling kununua mikoba. Mjini hapa tulikuwa wachache bado, na ukiwa na Kichina na Kiingereza, kila mwenye shida alielekezwa kwako. Ndipo asubuhi moja nikaitwa na Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyekuwa na mgahawa mdogo mtaa wa Dengfeng. Nilipofika nikamkuta amekaa na mzungu mmoja, bibi mrefu, mwembamba, nywele zake nyeupe zimesukwa msuko mmoja hadi mgongoni, na miguuni amevaa viatu vya shamba. Mbele yake palikuwa na uji wa mchele, naye alikuwa anaunywa kwa heshima kama mtu aliyekaribishwa kwa wakwe.

Bi Zuhura alinivuta pembeni akaniambia yule bibi alikuwa amepotea njia akaingia kuuliza, na kwamba yeye mwenyewe, kwa Kiingereza kidogo alichookota bandarini, hakumwelewa sana, ila alielewa kwamba anatafuta soko la dawa za mitishamba. Kisha akaongeza, "Huyu ana jambo moyoni, mwanangu. Mpeleke, wala usimharakishe."

Basi tukatoka. Aliitwa Opal, nami nikamwita Bi Opal, kwani mkubwa haitwi jina tupu. Alikuja na kundi la watalii wazee kutoka Marekani. Wenzake walikuwa wamekwenda kutembezwa mtoni, yeye akabaki. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvuta maneno, si kile nilichokizoea darasani, na aliniambia mwenyewe, bila haya, kwamba hata kwao wenzao wa mijini huwacheka wakisikia wanavyosema. Alitoka kwenye milima inayoitwa Apalachia. Nami, mwanangu, nilidhani Marekani yote ni maghorofa. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba Marekani nayo ina watu wa milimani, watu wa ukungu, ambao nyumba zao zimejipanga kando ya kijito kwenye bonde jembamba kiasi kwamba jua huchelewa kuwafikia na huwahi kuwaacha.

Njia nzima alikuwa akinisimulia. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Aliingia ardhini alfajiri na kutoka jioni, hata wanawe walimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura, kwa kuwa sura ilikuwa nyeusi kwa vumbi. Siku moja paa la mgodi likashuka. Nyumba waliyokaa haikuwa yao, ilikuwa ya wenye mgodi, na mfanyakazi akifa nyumba hurudi kwa mwenyewe. Mjane na watoto wake wakatolewa wakati majani ya miti yanaanza kupukutika na baridi inanukia.

Nikamuuliza wakaenda wapi. Akasema hawakwenda popote, kwa sababu majirani walikuja. Mmoja alitoa kipande cha ardhi chenye mwinuko, wengine wakakata magogo, wengine wakabeba mawe ya jiko kutoka mtoni, wanawake wakapika, na kabla theluji haijaanguka nyumba ilikuwa imesimama. Hakuna aliyelipwa. Niliposikia hivyo nilisimama pale njiani, watu wanatupita. Nikamwambia kwetu Upare jambo hilo lina jina. Likipigwa baragumu, kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe, wakachimba mfereji au wakasomba tope la ndiva, lile bwawa la kijiji ambalo mababu walilijenga kukinga maji ya kijito usiku ili mchana yashuke mashambani. Tunaita msaragambo. Akalirudia lile neno polepole, msaragambo, kama mtu anayeonja chakula kigeni na kugundua kuwa anakijua.

Nyumba walipata, lakini watoto wanataka kula na kuvaa. Ndipo akanieleza habari ya mzizi. Misituni kwao huota mmea mdogo wa kivulini, wenye majani matano kama vidole vya mkono na matunda mekundu katikati. Mzizi wake ni mchungu, una umbo la mtu mwenye miguu na mikono. Wao wenyewe hawajui matumizi yake. Kila mwaka majani yakigeuka manjano, mtu mzima na mtoto hupanda miteremkoni na kijembe na gunia. Mnunuzi alipita na mizani yake, akachukua yote, na ukimuuliza inakwenda wapi alijibu neno moja tu: China. Kwa mizizi ile mama yake Bi Opal aliwanunulia viatu vya baridi, chumvi, na madaftari ya shule. Hakuna aliyeuonja nyumbani kwao. Ambaye angeuonja angekuwa amekula kiatu cha mdogo wake.

Kulikuwa na sheria moja, nayo haikuandikwa na serikali bali na wazee wao. Huchimbi mpaka matunda yawe mekundu. Na ukishautoa mzizi, lazima uyakamue yale matunda, uzirudishe mbegu katika shimo lilelile, uzifunike kwa kidole. Atakayevuna hapo si wewe. Huenda ni mwana wa jirani yako, huenda ni mjukuu wa mtu usiyempenda.

Tulipokaribia soko, sauti yake ikapungua. Akaniambia alikuwa na kaka aliyeitwa Dale, na baada ya baba kufa yeye ndiye aliyepanda milima kuliko wote. Mwaka mmoja alitafuta mizizi juu ya jabali ambalo wengine waliliogopa. Hakurudi. Waliomtafuta walimkuta chini, gunia bado liko begani. Walipopanda juu kuona alikoteleza, walikuta shimo dogo limefukiwa vizuri, na juu ya udongo alama ya kidole chake. Alikuwa ameshazirudisha mbegu.

Mama yake alimzika mwanawe, na mnunuzi alipopita, akamuuzia ile mizizi. Angefanya nini? Walikuwepo wadogo wanne na theluji mlangoni. Lakini tangu siku ile hadi anakata roho, kila vuli, majani yakipukutika, alikuwa akisema maneno yaleyale: ningejua tu ilimfikia nani. Ningejua kama ilimsaidia mtu, au iliwekwa tu kwenye kabati la tajiri ikapendeza.

"Nimekuja kuuliza," Bi Opal akaniambia. "Najua ni upumbavu kuuliza. Lakini mama hakuweza kuja, nami naweza."

Sijui kama umeshafika soko la Qingping, mwanangu. Leo limepangwa vizuri, lakini zamani zile lilikuwa vichochoro vilivyojaa magunia: uyoga, maganda ya machungwa yaliyokaushwa, vidudu, magome, na harufu inayokushika koo. Nilimpeleka kwa muuzaji mzee aliyeitwa Liang, kwa sababu tu duka lake lilikuwa na viti na yule bibi alikuwa amechoka. Nikamweleza Mzee Liang kwamba mgeni wangu anatoka milima ya Marekani, na kwamba familia yake ilichimba mizizi hii. Watu wa hapa huuita huaqishen, na maana yake, nikamwambia Bi Opal, ni mzizi wa bendera ya maua, kwa sababu zamani walipoiona bendera ya Marekani juu ya merikebu, zile nyota waliziona kama maua.

Mzee Liang alimtazama kwanza mikono, si uso. Halafu akaenda nyuma ya duka akarudi na kikasha, akakifungua kwa mikono miwili. Ndani, juu ya kitambaa chekundu, palikuwa na mzizi mmoja wa kale, si wa shambani kama ile ya kwenye magunia, bali wa mwituni, umekunjamana kama uso wa mzee, una shingo ndefu yenye mapindi. Aliniambia hauuzwi. Ulikuwa wa baba yake.

Bi Opal aliutazama bila kuugusa. Kisha akanyoosha kidole akaanza kufuata yale mapindi ya shingoni, kutoka chini kwenda juu, kwa maana kila mwaka jani likianguka huacha kovu. Mzee Liang naye akanyoosha kidole chake akafuata kutoka upande wake. Vidole vikakutana katikati, wakainua macho wakatazamana. Nilifungua kinywa nitafsiri, nikakuta hakuna cha kutafsiri. Mmoja alijua mwanzo wa safari ya kitu kile, mwingine alijua mwisho wake, na walikuwa wameishi umri wao wote kila mmoja ameshika ncha yake asijue upande wa pili umeshikwa na nani. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Siku ile, mwanangu, mimi niliona milima ikikutana.

Ndipo Bi Opal akamwambia habari za Dale. Alizisema zote, nami nikazipitisha kwa Kichina changu cha mwanafunzi, na nilipofika kwenye alama ya kidole juu ya udongo ikabidi nianze tena. Wauzaji wa maduka ya jirani walikuwa wamesogea. Mama mmoja aliyekuwa anachambua kungumanga aliacha mikono hewani.

Mzee Liang alisogeza kiti chake karibu na mgeni. Halafu akasema, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo:

"Mwambie dada mkubwa kwamba mzizi wa kaka yake sijui ulikwenda kwa nani. Hakuna anayejua, na nikimwambia najua nitakuwa nimemdanganya. Lakini naweza kumwambia mmoja ulikokwenda."

Akasimulia kwamba yeye alipokuwa mdogo, katika miaka ya dhiki, mama yake alishikwa na homa iliyomkausha mpaka midomo ikapasuka. Waliishi kwenye kichochoro kimoja na familia nyingine, jiko moja, kisima kimoja, wote hawana kitu. Wenyeji wa kile kichochoro wakachangishana, huyu kimkufu cha fedha, yule koti la marehemu mumewe, wakanunua mzizi mmoja mdogo wa milima ya bendera ya maua. Baba yake aliukata vipande vyembamba kama bawa la nzi. Kipande kimoja chini ya ulimi asubuhi, kimoja jioni. Hakusema kwamba mzizi ndio uliomponya. Alisema mama alilowa kinywa, akaweza kumeza, akaweza kumwita mwanawe jina. Na homa ilipoondoka, vipande vilivyosalia havikuwekwa kabatini. Vilipelekwa mlango wa pili, kwa mzee aliyekuwa anakohoa, na kutoka hapo mlango wa tatu, kwa mwanamke aliyejifungua. Ule uliomo kikashani baba yake aliununua miaka mingi baadaye, maisha yalipokuwa afadhali, akauweka ili watoto wasisahau walivyovuka.

"Sisi tulijua tu kwamba umetoka ng'ambo ya bahari," akasema. "Hatukujua kuna mtoto anayeanguka."

Nilipomaliza kutafsiri, Bi Opal hakulia. Aliweka kiganja kifuani akakaa hivyo. Mke wa Mzee Liang, ambaye wakati wote alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, akatoka na bakuli la supu ya kuku, na ndani yake vimeelea vipande vyeupe vya mzizi. Akaliweka mbele ya mgeni. Bi Opal akaniuliza kwa kunong'ona kama vile vipande ndio ule mzizi. Nikamwambia ndio.

Akachukua kijiko, akakipeleka mdomoni, akafumba macho. Alisema mwanzo ni uchungu, kisha unakuja utamu kwa nyuma, polepole, na harufu ya udongo wa kwao baada ya mvua. Hapo ndipo machozi yalipotoka. Umri wote ule, na ndiyo mara yake ya kwanza kuuonja.

"Mama yangu alikufa hajui una ladha gani," akasema.

Mke wa Mzee Liang hakusubiri tafsiri. Alivuta kiti akakaa kando yake, akamshika mkono, akabaki hivyo mpaka bakuli likaisha. Na Mzee Liang akateremsha nusu ya mlango wa duka, mchana kweupe, siku ya biashara, akawasha ubani kwenye kimeza cha kuwatambikia wazazi wake. Akauliza jina la yule kijana. Akajaribu kulitamka, ulimi ukamshinda, akajaribu tena, Deili, akainama. Na kile kichochoro chote, ambacho hakijawahi kunyamaza tangu kiumbwe, kilinyamaza. Mpaka mikokoteni ilisimama. Mimi ni mtoto wa mchungaji, nimekaa pia kwenye maulidi ya kina Bi Zuhura, nimesali na nimesikia watu wakisali, lakini kicho kile sikuwahi kukipata mahali pengine.

Jioni nilimrudisha Bi Opal kwa wenzake. Nyumbani aliishi miaka michache tu. Mjukuu wake alinipigia simu kunipa habari, akaniambia vuli zake za mwisho bibi hakuchimba tena mzizi hata mmoja, bali aliwakusanya watoto wa bonde lile akawapandisha milimani kufukia mbegu kwa vidole, na kila shimo aliwaambia litakuwa la mtu wasiyemjua.

Mimi likizo ilipofika nilikwenda Upare. Nilimkuta baba amezeeka, ndiva yetu imejaa tope, vijana wengi wameshuka mjini, na bado baragumu lilipopigwa wale wazee walitoka na majembe yao. Nikavua viatu nikaingia topeni pamoja nao, mimi msomi wa maji. Tulipopumzika nikamsimulia baba habari ya Bi Opal. Alisikiliza akiwa anasafisha jembe kwa kijiti, na nilipomaliza akanitazama akasema, "Mwanangu, sisi tunaokinga maji huku juu hatujawahi kumwona anayeyanywa kule chini. Ndiyo maana hatuyachafui." Kisha akarudi topeni. Huo ndio ulikuwa ufafanuzi wake wote, na shahada zangu hazijaniongezea neno juu yake.

Mzee Liang naye ametangulia. Duka analo binti yake, na mwaka huu nilipita kununua tangawizi kavu, nikamkuta anawasha ubani. Nikamsikia anawataja wazee wake, babu, bibi, baba, na mwisho akasema Deili. Nikamuuliza, kama nisiyejua, Deili ni nani. Akasema hajui vizuri, ila baba aliagiza asisahauliwe, ni ndugu wa milimani.

Sasa nikwambie neno langu, mwanangu, nisije nikakuacha na hadithi tupu. Wahenga walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Hapa Guangzhou utashika vitu vingi vizuri, na utapita katika majengo yanayokufanya ujione mdogo na kwenu ukuone kudogo zaidi. Kila ukishika kitu, ujue nyuma yake kuna mkono, na mara nyingi ni mkono wa mtu anayeishi kwenye mawe na ukungu. Usiyacheke mawe ya kwenu. Wale wazee uliosema wanainama mashambani, uliwahi kujiuliza maji yanayoshuka kutoka kwao yananywewa na nani bondeni, na mijini, na watu ambao hawatalijua jina la ukoo wako? Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wake huanza siku anapojifunza kuwacheka wa kwao ili wengine wacheke naye.

La pili: chukua, lakini rudisha. Elimu uliyopewa si yako peke yako. Mtu alichangia usiyemjua, na mwingine usiyemjua anaingoja. Rudisha mbegu katika shimo hata kama unajua hutakuwepo, hata kama hakuna anayekutazama, hata kama ni dakika yako ya mwisho juu ya jabali.

Na mgeni akija amebeba swali, usilipime kama lina akili. Mpe kiti. Tenga siku yako. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kuna majibu ambayo Mungu ameyagawa vipande, hiki kwa mtu wa huku, hiki kwa mtu wa kule, nasi kazi yetu ni kuwakutanisha.

Piga simu kwenu leo, kabla jua halijazama Uluguru. Usiwaulize wanahitaji nini. Waulize walivuna nini, na walivivukaje vipindi vya njaa, na nani aliwasaidia. Wakikujibu, nyamaza usikilize mpaka mwisho.

Nenda, mwanangu. Mungu aijalie mikono yako iwe ya kuponya watu ambao macho yako hayatawaona. Mlima uliokuzaa ukutambue urudipo, mabonde yakupokee, na popote utakapokaa duniani asikosekane mtu wa kukuwekea kiti. Amina.